Majina ya Viungo na Vitenzi vya Kazi: Ushahidi wa Kiswahili katika Historia ya Biashara ya Bahari ya Hindi

1.0 Utangulizi

Sufuria moja ya pilau ya sikukuu, iwe imepikwa Unguja, Mombasa au Moroni, hukusanya mazao ya nchi nyingi. Humo mna pilipili manga, ambayo asili yake ni misitu ya pwani ya Malabar, kusini-magharibi ya Bara Hindi. Mna mdalasini, ambao aina yake bora hutoka Sri Lanka. Mna iliki ya milima ya kusini ya Bara Hindi, bizari nyembamba ya nchi za mashariki ya Mediterania, na karafuu, ambayo mpaka karne ya 18 ilikuwa ni zao la visiwa vya mashariki ya mbali ambavyo leo vimo katika nchi ya Indonesia. Jina la chakula chenyewe, pilau, lina asili ya Kiajemi. Pamoja na hayo, hakuna mpishi wa pwani anayekihesabu chakula hicho kuwa cha wageni. Ni chakula cha arusi, cha Idi na cha hitima. Ni chakula cha kwao.

Mhadhara huu unachunguza swali moja linalotokana na sufuria hiyo: je, majina ya viungo katika Kiswahili yanaweza kutumiwa kama ushahidi wa historia, na yakitumiwa, yanashuhudia nini hasa? Swali hili si la udadisi mtupu. Kwa muda mrefu orodha za maneno ya mkopo zilitumiwa na baadhi ya waandishi wa zama za ukoloni kudai kuwa ustaarabu wa pwani ya Afrika Mashariki uliletwa ukiwa kamili kutoka ng'ambo, na kwamba wenyeji hawakuwa na mchango wowote ila kupokea. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ikiwa jina la kitu ni la Kiarabu, basi kitu chenyewe, maarifa yake na kazi yake ni vya Waarabu. Orodha za majina ya viungo zilifaa sana kwa hoja ya namna hiyo, kwani takriban majina yote makuu ni ya mkopo.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba ushahidi huo ulisomwa nusu tu. Nomino za viungo zinamkumbuka mfanyabiashara. Mara nyingi hazimkumbuki mkulima, wala haziitaji ardhi mmea ulikoota. Anayetaka kumpata mfanyakazi katika lugha hana budi kuviendea vitenzi. Sehemu ya pili ya mhadhara inatoa mfano wa kale kutoka nje ya Kiswahili. Sehemu ya tatu inachunguza nomino. Sehemu ya nne inaeleza historia ya karafuu. Sehemu ya tano inachunguza vitenzi. Na sehemu ya sita inalijibu pingamizi ambalo mwanaisimu yeyote angeweza kulitoa.

2.0 Kosa la Kale: Mdalasini na Pwani ya Somalia

Kosa la kudhani kwamba bidhaa imetoka pale inapouzwa ni la kale sana. Katika karne ya 5 K.K., Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, aliandika kwamba Waarabu walipata mdalasini kutoka katika viota vya ndege wakubwa waliojenga majabalini. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, watu waliweka vipande vizito vya nyama chini ya viota, ndege wakavichukua, viota vikaporomoka kwa uzito, na mdalasini ukaokotwa. Katika karne ya 1 B.K., Mrumi Pliny Mkubwa aliyakejeli masimulizi ya aina hiyo, akasema kuwa yalitungwa ili kupandisha bei.

Katika karne hiyohiyo ya 1, baharia au mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kiyunani mwongozo wa safari za bahari hii, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Mwongozo huo unazitaja bandari za pwani ya Somalia, ikiwamo Opone, ambayo wataalamu wanaitambua kuwa ni Ras Hafun ya leo, kuwa ni mahali palipopatikana mdalasini kwa wingi. Kusini zaidi inatajwa pwani ya Azania mpaka Rhapta, palipouzwa pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Waandishi wa Kiyunani na Kirumi waliizoea sana habari ya mdalasini wa Somalia hata wakaiita sehemu hiyo nchi yenye mdalasini.

Lakini miti ya mdalasini haioti Somalia. Wataalamu wengi wanakubaliana kuwa gome hilo lilivushwa na mabaharia kutoka Asia, likafikishwa katika bandari za Somalia na Arabuni, na huko likauziwa watu wa Mediterania, ambao hawakuelezwa lilikotoka. Siri hiyo ilikuwa na faida kubwa. Viungo vilikuwa mali ya thamani: Wavisigothi walipoizingira Roma mwaka 408, sehemu ya fidia waliyoidai, pamoja na dhahabu, fedha na hariri, ilikuwa ratili 3,000 za pilipili manga. Nayo ghala la pilipili lililofukuliwa na wanaakiolojia katika bandari ya Berenike nchini Misri, lenye zaidi ya kilo 7 za punje zilizotiwa mtungini katika karne ya 1, linaonyesha jinsi bidhaa hiyo ilivyosafirishwa kwa wingi kupitia Bahari ya Sham.

Mfano huu una funzo la mbinu. Wayunani walikuwa na jina, tena walikuwa na mahali. Vyote viwili viliwaelekeza kwa mchuuzi. Havikuwafikisha kwa mkulima. Swali ni kama majina ya Kiswahili yana tabia hiyohiyo.

3.0 Nomino: Majina Yanayomtaja Mchuuzi

3.1 Manga

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno Manga. Kwa Waswahili wa zamani, Manga ilikuwa ni Arabuni, hususan Omani, na Mmanga alikuwa ni Mwarabu aliyetoka huko. Neno hilo limeingia katika majina kadhaa ya mimea: pilipili manga, kungumanga, komamanga. Pilipili manga haioti Omani; inaota Malabar. Kungumanga iko mbali zaidi: hadi mwishoni mwa karne ya 18, kungumanga zote za biashara duniani zilitoka katika visiwa vidogo vya Banda, katika Indonesia ya leo. Mswahili aliyelitunga jina hilo hakumwona mkulima wa Banda. Alimwona nahodha aliyeshusha mzigo, naye nahodha huyo alitoka Manga.

Muundo wa jina kungumanga unastahili kuangaliwa. Kungu ni tunda, au kokwa, la mkungu, mti unaojulikana sana pwani. Msemaji alichukua kitu alichokifahamu, akakilinganisha na kitu kipya, kisha akaongeza mahali kilipotoka kwa jinsi alivyojua yeye. Huu si mkopo. Ni uundaji wa istilahi kwa mali ya lugha yenyewe. Ganda jekundu linaloizunguka kokwa hiyohiyo, kwa upande mwingine, linaitwa basbasi, neno lililokopwa kutoka Kiarabu. Tunda moja limepata majina mawili kwa njia mbili tofauti.

3.2 Pilipili

Neno pilipili lina safari ndefu. Asili yake ya mbali ni Kisanskriti pippali, jina la pilipili ndefu, ambayo ni mmea wa jamii moja na pilipili manga lakini si uleule. Neno hilo lilienea magharibi, likazaa majina ya Kiyunani, Kilatini, Kiajemi na Kiarabu. Kiarabu, ambacho hakina sauti /p/, kililigeuza kuwa filfil au fulful. Hapa ndipo fonolojia inapotoa ushahidi: Kiswahili hakina shida na sauti /f/, na kwa kawaida huihifadhi katika maneno ya Kiarabu, kama vile fikiri, faida na fedha. Kama neno hili lingepokewa kutoka vinywa vya Waarabu, ingetazamiwa umbo lenye /f/. Kuwapo kwa /p/ kunaelekea kuonyesha kwamba neno lilipokewa kutoka kwa Waajemi au Wahindi. Mjadala wa maneno ya aina hii umefanywa kwa upana na Abdulaziz Lodhi katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili.

Kwamba pilipili ililiwa pwani zamani kuna ushahidi wa maandishi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza chakula alichoandaliwa: wali wa samli na vitoweo, na pembeni ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe katika achari. Pilipili hiyo haikuweza kuwa pilipili kali nyekundu ya leo, kwani mmea huo ni wa Amerika, nao haukuvuka bahari kabla ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Ulipofika pwani ya Afrika kwa njia ya Wareno katika karne zilizofuata, Waswahili hawakutafuta jina jipya. Waliuita pilipili, kama Columbus mwenyewe alivyoufananisha na pilipili manga aliyokuwa akiitafuta. Jina la Kisanskriti la mmea wa Asia likahamia kwenye mmea wa Amerika, na kutoka pwani likaenea bara. Leo huko Kongo pilipili ni hiyo kali nyekundu.

Hata ndani ya Kiswahili maana imeendelea kusogea. Katika kamusi za zamani pilipili hoho imeelezwa kuwa pilipili kali nyekundu, tofauti na pilipili manga. Leo, katika masoko mengi ya Tanzania na Kenya, anayeomba hoho atapewa tunda kubwa lisilowasha hata kidogo. Mtafiti atakayesoma maelezo ya mapishi ya zamani kwa maana ya leo atapotea.

3.3 Mdalasini, masala na majina ya giligilani

Mdalasini unatokana na Kiajemi dar chini, yaani mti wa China, ulioingia Kiarabu kwa umbo la darsini. Kiswahili kikaongeza kiambishi cha ngeli ya miti, m-, juu ya neno ambalo tayari lilikuwa na maana ya mti ndani yake. Jina linasema China, ambako kweli kuna aina moja ya mdalasini. Lakini aina iliyosifiwa zaidi ni ya Sri Lanka. Kwa mara nyingine jina limeshika kipande kimoja tu cha habari.

Neno masala nalo lina habari ya kufundisha. Lilitokana na Kiarabu masalih, likapita katika Kiajemi, likaenda Bara Hindi, na huko likapata maana ya mchanganyiko wa viungo. Kisha likaja pwani pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi. Neno hilohilo la Kiarabu lilikuja pia moja kwa moja, nalo ni maslahi. Hivyo Kiswahili kina neno moja lililoingia kwa milango miwili: jikoni ni masala, na katika mikataba ni maslahi. Asiyechunguza njia ya neno, akaishia kwenye asili yake tu, angeyaweka yote mawili katika kapu la Kiarabu na kuipoteza Bara Hindi nzima.

Mmea mmoja unaweza pia kuwa na majina kwa kadiri ya wachuuzi wake. Giligilani, kotmiri na dania ni majina yanayotumika kwa mmea uleule, au kwa sehemu zake tofauti, yaani mbegu na majani, kutegemea mahali. Mawili ya mwisho ni ya Kihindi, nayo dania imeenea zaidi Kenya. Tofauti hizo si kasoro ya lugha. Ni alama za masoko mbalimbali.

4.0 Karafuu: Historia ambayo Jina Halikuisema

Jina karafuu limetoka katika Kiarabu qaranful. Hilo ndilo jambo pekee ambalo jina linatuambia. Historia ya zao lenyewe haimo humo, nayo inastahili kuelezwa kwa ufupi ili upungufu wa ushahidi wa nomino uonekane.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vichache vya Maluku, vikiwamo Ternate na Tidore. Vasco da Gama alipopita Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapata rubani na kufika Calicut mwezi uliofuata, lengo lake kuu la biashara lilikuwa ni viungo. Wareno walijaribu kuidhibiti biashara hiyo kwa mizinga na ngome. Waholanzi waliowafuata wakafanya hivyo kwa ukatili zaidi. Mwaka 1621 Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, chini ya Jan Pieterszoon Coen, iliivamia Banda ili kuihodhi kungumanga. Kati ya wakazi wanaokadiriwa kufikia 15,000, walio wengi waliuawa, walikufa kwa njaa, walikimbia au walifanywa watumwa. Kwa upande wa karafuu, mkataba wa mwaka 1652 na Sultani wa Ternate uliruhusu mikarafuu ing'olewe, na kilimo chake kikafungiwa Ambon na visiwa vya jirani.

Uhodhi huo ulivunjwa na Wafaransa. Karibu na mwaka 1770, Pierre Poivre, mtawala wa kisiwa kinachoitwa Mauritius leo, alifanikisha kuletwa kwa miche iliyotoroshwa kutoka Maluku. Kutoka visiwa vya Wafaransa mikarafuu ililetwa Unguja mapema katika karne ya 19, kabla ya miaka ya 1820, na jina linalohusishwa na tukio hilo ni la Mwarabu wa Omani, Saleh bin Haramil. Mashamba yake yalitaifishwa na Seyyid Said, ambaye alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828 na baadaye akahamishia makao yake huko. Inasimuliwa kuwa aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, la sivyo wangenyang'anywa ardhi.

Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa waliotolewa bara: Wayao, Wanyasa, Wamanyema na wengine wengi. Vitabu vya Frederick Cooper cha mwaka 1977 na Abdul Sheriff cha mwaka 1987 vimeonyesha jinsi kilimo cha karafuu kilivyobadili sura ya utumwa katika pwani: mtumwa hakuwa tena bidhaa ya kusafirishwa tu, alikuwa mzalishaji katika ardhi ya visiwa vyenyewe. Upatikanaji wa watumwa ulipobanwa na mikataba ya mwaka 1822 na 1845 iliyowekea mipaka biashara yao baharini, mashamba yaliendelea kuwahitaji. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja lakini kikaiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi. Mwaka uliofuata Sultani Barghash alilazimika kulifunga soko la watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897, na masuria, walioachwa nje ya amri hiyo, walihusishwa mwaka 1909. Uhuru huo haukuwapa ardhi. Swali la ardhi ya mikarafuu liliendelea kuwa kiini cha siasa ya visiwa mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, ambayo yalifuatiwa na kutaifishwa kwa ardhi na ugawaji wa eka tatu tatu.

Jina karafuu halikubadilika katika muda wote huo. Hali ni hiyohiyo kwa vanila, ambayo jina lake ni la Kihispania na asili yake ni Meksiko. Kilimo chake katika Bahari ya Hindi kiliwezekana kwa sababu mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond aligundua njia ya haraka ya kuchavusha ua lake kwa mkono. Njia yake ilienea Madagaska na Komoro na kuwatajirisha wengi. Yeye alipata jina la ukoo, Albius, utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848, akafa maskini mwaka 1880. Neno vanila halimtaji.

5.0 Vitenzi: Lugha ya Shamba na Lugha ya Ghala

Kazi ya karafuu inahitaji mikono mingi, tena kwa wakati wake. Matumba huchumwa kabla hayajafunguka, yanapoanza kuwa mekundu. Mchumaji hukwea, huvuta tawi, huchuma kishada pamoja na vikonyo vyake. Mavuno yakifika nyumbani huchambuliwa, yaani matumba hutenganishwa na makonyo, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa jioni na jamaa wote, wakubwa kwa watoto. Kisha karafuu huanikwa juani kwa siku kadhaa juu ya majamvi, hugeuzwageuzwa, na mvua ikitishia huanuliwa mbio. Zikishakauka, uzito unaobaki ni kama theluthi moja ya ule wa mwanzo.

Vitenzi vilivyotumika katika maelezo hayo ni kukwea, kuvuta, kuchuma, kuchambua, kuanika, kugeuza, kuanua, kukauka. Vikiongezwa vya shambani, yaani kupanda na kupalilia, na vya jikoni, yaani kutwanga, kusaga, kupeta na kupika, orodha inaendelea kuwa ileile: vyote ni vya Kibantu. Tena si vya Kibantu kwa sauti tu. Ni vya Kibantu kwa mofolojia. Jozi anika na anua inafuata kanuni ya kale ya unyambuaji ambayo inaonekana pia katika funika na funua, na katika angika na angua: kiambishi kimoja huweka, kingine huondoa. Anika ina ndugu katika Kiganda, okwanika, na katika Kishona, kuyanika, kwa maana ileile ya kutandaza kitu juani kikauke. Neno hili lilikuwapo pwani kabla ya mkarafuu wa kwanza kupandwa Unguja, nalo lilikuwa likitumika kwa nafaka, mihogo na samaki. Mtu aliyeletwa utumwani kutoka bara angeweza kulikuta shambani neno linalofanana na la kwao.

Kwa upande wa pili, bidhaa ikishatoka juani na kuingia kivulini, lugha hubadilika. Karafuu huthaminiwa, hukadiriwa, huhesabiwa, husajiliwa na kusafirishwa. Hupimwa kwa frasila, huwekwa ghalani, hulipiwa ushuru forodhani. Shamba huwekwa rehani, na mkopo hudhaminiwa. Msamiati huu kwa sehemu kubwa una shina la Kiarabu, nao unalingana na hali ya karne ya 19, ambapo wenye mashamba wengi walikuwa na madeni makubwa kwa wakopeshaji wa Kihindi na mashamba yao yalikuwa katika rehani. Mpaka kati ya misamiati hii miwili unafuata, kwa kiasi kikubwa, mpaka kati ya watu wawili: aliyekuwa juu ya mti na aliyekuwa mbele ya daftari.

Si haki, hata hivyo, kuuchora mpaka huo kwa mstari mnyoofu. Kuuza, kununua na kulipa ni vitenzi vya Kibantu. Navyo vinakumbusha kuwa watu wa pwani hawakuwa wapokeaji tu wa biashara ya wengine. Walikuwa wafanyabiashara wenyewe tangu zamani. Kadhalika neno la jumla la somo hili, kiungo, halikukopwa. Linatokana na kitenzi unga, chenye maana ya kuunganisha, na ni neno lilelile linalotaja maungio ya mwili. Kuunga mchuzi ni kuvifanya vitu mbalimbali viwe kitu kimoja. Kiswahili kilikopa majina ya vitu, lakini dhana iliyoviweka pamoja na kazi ya kuvipika vilibaki katika maneno yake yenyewe.

6.0 Pingamizi Moja

Mwanaisimu makini anaweza kupinga kwa kusema kwamba tofauti hii haina uhusiano na historia ya kazi. Inajulikana kuwa katika lugha nyingi za dunia nomino hukopwa kwa urahisi kuliko vitenzi. Kwa hiyo, nomino za viungo kuwa za kigeni na vitenzi kuwa vya Kibantu ni jambo la kutazamiwa katika lugha yoyote, nalo halithibitishi lolote.

Pingamizi hili ni la haki, na kama ushahidi ungekuwa ni ulinganisho wa nomino na vitenzi tu, lingetosha kuiangusha hoja. Lakini Kiswahili ni lugha iliyokopa vitenzi vingi mno kutoka Kiarabu: kufikiri, kusafiri, kusamehe, kuhesabu, kuthamini, kusajili. Mlango wa kukopa vitenzi ulikuwa wazi. Ulinganisho wa maana, kwa hiyo, ni wa vitenzi kwa vitenzi, ndani ya zao moja na jamii moja. Vitenzi vya daftari vimekopwa. Vitenzi vya jua na jamvi havikukopwa. Hapo ndipo palipo na tofauti ambayo kanuni ya jumla ya ukopaji haiwezi kuieleza peke yake. Sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba wenye daftari walikuja na istilahi za kazi yao, ilhali kazi ya shambani iliongozwa na kufanywa na watu waliokuwa na maneno yake tayari.

Ni lazima pia kukiri mipaka ya ushahidi huu. Vitenzi vinaonyesha lugha ya kazi. Havitaji jina la mtu, wala mwaka, wala idadi. Havielezi kama kazi ilifanywa kwa hiari au kwa mjeledi: mtumwa wa mwaka 1850 na mkulima wa eka tatu wa mwaka 1970 wote walianika. Kwa mambo hayo mtafiti anahitaji nyaraka, akiolojia na masimulizi. Isimu inatoa swali sahihi. Haitoi jibu zima.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kuwa orodha ya majina ya viungo ikisomwa peke yake humrudisha msomaji pale walipokuwa Wayunani, waliodhani kuwa mdalasini unaota Somalia kwa kuwa uliuzwa Somalia. Manga katika kungumanga ni kumbukumbu ya kweli, lakini ni kumbukumbu ya nahodha. Aliyepanda, aliyechuma na aliyeanika hayumo katika jina la bidhaa. Yumo katika maneno ya kazi yake, na maneno hayo ni ya Kibantu.

Kutokana na hayo kuna jukumu kwa wanafunzi na wanaleksikografia wa Kiswahili. Kamusi zilizopo zimeyatendea haki majina ya viungo. Asili zake zimeelezwa, na kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 bado ni hazina katika jambo hili. Lakini msamiati wa kazi ya karafuu, yaani majina ya hatua za tumba, ya sehemu za kishada, ya namna za kuchuma na za kuanika, unahitaji kukusanywa kwa utaratibu shambani, hasa Pemba, kutoka kwa wazee wanaoutumia. Msamiati huo haukopwi na wafanyabiashara wala hauandikwi katika mikataba. Indonesia sasa ndiyo inayoongoza kwa kilimo cha karafuu duniani, na vijana wengi wa visiwani wanatafuta riziki mijini. Neno lisilo na kazi ya kutajwa halidumu.

Kazi ya kwanza, basi, iwe ni kwenda kwa wachumaji na kuwauliza wanafanya nini kabla ya kuwauliza kitu hiki kinaitwaje. Jina litapatikana sokoni wakati wowote. Kitenzi kitapatikana pale tu ambapo kuna mtu anayekitenda.